Ufunguo wa mzee na ufunguo wa shoferi

Msomaji mmoja wa mtaa wa Himbi, hapa Goma, ameniandikia hivi:

"Papa fundi, jambo. Marehemu baba alituachia Mercedes 240D ya mwaka 1981. Imelala chini ya mabati tangu 2011 na sasa nimeamua kuifufua, nikianzia ndani. Viti nimeshatoa, kapeti nimeshatoa, paneli za milango ziko kwa fundi wa ngozi. Nataka kushusha dashibodi yote kwa sababu imepasuka na panya wamejenga humo. Nimekwama kwenye vitasa viwili. Neimani, yaani kitasa cha kuwashia gari: ufunguo unaingia, lakini nikijaribu mara ishirini unageuka mara moja. Kitasa cha kisanduku cha dashibodi ndicho kimekufa kabisa. Ufunguo unazama hadi mwisho na haugeuki hata unywele. Milango inafunguka vizuri kwa ufunguo huohuo. Buti nalo linaukataa, ndiyo maana miaka yote tunaliacha bila kulifunga. Shemeji yangu ana drili na amesema Jumamosi anatoboa vyote viwili. Nimwache?"

Mwambie shemeji drili ikae kwake kwanza, binti yangu. Siogopi kutoboa, nimetoboa vitasa vingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Lakini barua yako imenieleza jambo ambalo wewe mwenyewe hukuliona ulipokuwa ukiiandika. Kati ya vitasa vyako viwili vilivyokwama, kimoja hakijakwama.

Miaka ile Mercedes iliuza gari na funguo za aina mbili. Ufunguo mkuu ulifungua kila kitasa: milango, neimani, buti na kisanduku cha dashibodi. Ule wa pili ulifungua milango na kuwasha gari, basi. Ulitengenezwa kwa ajili ya mtu unayemkabidhi gari lakini humkabidhi vilivyomo: mlinzi wa hoteli, kijana wa kuosha, fundi kama mimi. Na hapa kwetu, enzi za Zaïre, mtu huyo alikuwa shoferi. Mzee alikaa kiti cha nyuma na ufunguo wake mfukoni, shoferi akakaa mbele na wa kwake.

Sasa soma tena ulichoniandikia. Milango inakubali, neimani inakubali kwa shida, buti linakataa, kisanduku kinakataa. Kitasa kilichooza kwa kutu huwa hakichagui hivyo. Wewe umeshika ufunguo wa shoferi, na kitasa cha kisanduku kinafanya kazi ileile kilichofanya tangu 1981: kinamkatalia shoferi.

Kama ni hivyo, na nina imani kubwa kuwa ni hivyo, basi hata neimani yako naitazama kwa jicho jingine. Ufunguo wa shoferi ndio uliofanya kazi kila siku. Ulipeleka watoto shule, ukaenda sokoni Virunga, ukapanda Sake, ukarudi, ukazimwa na kuwashwa mara kumi kwa siku. Umelika. Ukiushika kwenye mwanga wa dirisha utaona vile vilima na mabonde ya kingo zake vimekuwa laini kama kipande cha sabuni. Ufunguo wa mzee, huenda uligeuka kwenye neimani mara chache tu, gari lilipotoka Jumapili bila shoferi. Kuna uwezekano mkubwa upo mahali nyumbani, meno yake bado makali, na utafungua kisanduku na kugeuza neimani kwa siku moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haiko garini. Iko kwa mama. Muulize karte roze, ile hati ya usajili wa gari, ilikuwa ikiwekwa wapi, kwa sababu wazee wetu walipenda kuviweka pamoja. Fungua bahasha za hati za kiwanja, kopo la vifungo, mifuko ya koti la suti lisilovaliwa tena, begi la ngozi lililo juu ya kabati. Mteja wangu mmoja aliupata ndani ya kibweta cha miwani. Ukiuona, usikimbilie neimani. Ujaribu kwanza kwenye buti, ambako hata ukikwama hauzuii kitu. Buti likikubali, umeshika ufunguo mkuu.

Na usipopatikana? Hapo ndipo wengi huomba drili, na hapo ndipo nakuomba usimame tena kidogo, maana una bahati ambayo hujaihesabu: buti lako liko wazi. Kitasa cha buti kimefungwa kwa ndani ya kifuniko, na kifuniko kikiwa wazi kinatoka kwa spana, bila kutoboa wala kupasua kitu. Kitasa hicho kinaujua ufunguo mkuu. Ndani yake kuna visahani bapa vimepangwa kwa mstari, kila kimoja na kimo chake, na fundi wa funguo anayejua kazi anavisoma kimoja kimoja kisha anachonga ufunguo unaovilaza vyote sawasawa. Tena kwa kuwa kwenu hakikufungwa kwa miaka mingi, visahani vyake havijalika kama vya mlango wa dereva. Kilichokipata ni mvua tu. Kiloweke usiku mmoja kwenye mafuta mepesi ya kulegeza kutu, kipulizie hewa, kisha kipeleke mkononi kwa fundi wa funguo kule mtaa wa Birere. Usimpelekee ufunguo wa shoferi akuigizie. Atakuigizia na uchakavu wake, na ule usio na haki ya kufungua kisanduku utazaa mwingine usio na haki.

Mwambie wazi: "Chonga kwa kufuata kitasa, usichonge kwa kufuata ufunguo." Wapo watakaokuambia ni kitu kimoja. Hao waage kwa adabu, nenda meza ya jirani.

Tuje kwenye neimani yenyewe, kwa sababu hata ukipata ufunguo mpya bado ina miaka zaidi ya arobaini na imekula vumbi la Goma.

Vumbi letu si la kawaida. Mji umekaa juu ya lava. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na tangu hapo tumeivunja kwa nyundo, tumeijengea kuta, tumeijazia barabara, na malori yameisaga. Hilo jeusi unalolifuta mezani kila asubuhi ni jiwe. Chembe zake zina kona kali na ni ngumu kuliko shaba iliyotengenezea visahani vya kitasa chako. Zikiwa kavu, nyingi hudondoka zenyewe au hutoka kwa hewa. Lakini mtu akishaweka mafuta ya injini kwenye tundu la ufunguo, na kila nyumba ina mjomba aliyewahi kufanya hivyo, chembe zinaganda humo na unapata ile dawa tunayosagia valvu. Kila ukigeuza ufunguo, unasaga. Gari lililotoka Bukavu huwa linaniletea kutu; la Goma linaniletea msasa.

Kwa hiyo tunaanza kwa kuosha. Kwanza kabisa toa waya wa hasi wa bateri, kama bateri ipo. Chukua spreyi ya kusafishia vifaa vya umeme, ile inayokauka yenyewe, weka mrija wake mwembamba kwenye mdomo wa neimani na upulize kwa wingi, huku kitambaa kikiwa chini kupokea uchafu. Ingiza ufunguo, utoe, uufute. Utatoka mweusi. Rudia mpaka utoke safi. WD-40 nayo inafaa kwa kuosha, mradi uelewe kuwa inaosha tu. Ukiiacha humo imekuwa mafuta, na vumbi la kesho litaikuta. Petroli usitumie, maana uko ndani ya gari lenye waya za mwaka 1981. Ukimaliza, ita kijana wa kwado, yule mziba matairi, na kompresa yake, apulize hewa ndani kwa dakika moja, nawe ufumbe macho.

Halafu mafuta makavu: grafiti. Kama hupati ya kopo, kalamu ya risasi inatosha. Tafuta laini, yenye alama ya 2B au zaidi, uisugue pande zote mbili za ufunguo mpaka ung'ae kijivu, uingize na kuutoa mara kumi. Grafiti na mafuta visikutane. Vikikutana vinafanya tope, na tope hilo nimelichokonoa kwa sindano kwenye gari la padri mmoja kutwa nzima, hata kahawa sikunywa.

Kabla hujaanza kugeuza, jua ni nani anayekataa. Ndani ya neimani wapo wawili wanaoweza kugoma. Wa kwanza ni visahani: kimoja kikishindwa kushuka, kinang'ang'ania ukuta na silinda haizunguki. Wa pili ni ulimi wa chuma unaotoka na kuingia kwenye mhimili wa usukani ili mwizi asikate kona. Gari likiegeshwa magurudumu ya mbele yamepinda, usukani unausukuma ulimi kwa pembeni, na ulimi uliobanwa haurudi hata ufunguo uwe mpya. Shika usukani, utikise kushoto na kulia. Kama umebana upande mmoja kama kamba iliyovutwa, mgomvi ni ulimi. Inua mbele kwa jeki mpaka matairi yaache mawe, halafu usukani uucheze taratibu kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiushika ufunguo kwa upole. Kama usukani una nafasi yake ndogo pande zote na ufunguo bado unakataa, ni visahani.

Kwa visahani dawa ni mtetemo, wala si nguvu. Ingiza ufunguo hadi mwisho, kisha uurudishe nje kiasi cha unene wa ukucha. Funguo zilizolika mara nyingi hukubali hapo. Uweke mkazo mdogo wa kugeuza, wa vidole viwili tu, na mtu wa pili agonge kichwa cha ufunguo kwa mpini wa bisibisi, taptaptap, mfululizo na kwa wepesi. Mafundi wa Ulaya hutumia kalamu ya umeme ya kuchorea chuma, inayotetema. Mimi natumia mashine ya kinyozi, bila vile vichanio vyake, mgongo wake nimeugusisha kwenye ufunguo. Jirani yangu kinyozi ameacha kuniuliza kwa nini namwazima.

Koleo usilete karibu. Ukishaona mkono wako unatafuta koleo, toka garini, kanywe chai. Ufunguo wa zamani uliochoka hukatika hapohapo kwenye shingo, na nusu yake ikibaki ndani umeongeza tatizo la tatu. Ikitokea, usiisukume. Chukua uzi wa msumeno mwembamba wa seremala, uuteleze kando ya kipande meno yakitazama nje, uzungushe kidogo na kuvuta. Kinatoka polepole kama mwiba.

Sasa sikiliza hapa, maana haya yanayofuata ndiyo hasa niliyokaa kuandika. Siku ufunguo utakapogeuka, uache. Usiurudishe. Usimwite mtu aje aone. Usijaribu kama utageuka tena.

Neimani yako ina nafasi nne. Kwenye 0 ufunguo unatoka na usukani unafunga. Kwenye 1 usukani uko huru na redio inaweza kulia. Ya 2 ni ya gari likitembea, ya 3 ni stata. Silinda inatoka ikiwa kwenye 1 peke yake. Ukiwa kwenye 0, ulimi uko nje, kila kitu kimejifungia chenyewe, na hakuna njia ya heshima ya kuitoa neimani hiyo. Ndivyo ilivyokusudiwa, haijali kuwa wewe si mwizi. Kila mara ufunguo unapogeuka kwa bahati na wewe ukaurudisha 0, unaitupa bahati ile na kuomba nyingine. Mara moja kati ya ishirini, kesho inakuwa moja kati ya mia, keshokutwa haipo.

Najua kwa sababu nimewahi kufanya upumbavu huo. Gari la aina hiyohiyo, la mama mmoja mfanyabiashara. Nilihangaika nalo kuanzia asubuhi, saa tisa likageuka. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwita mwenye gari kutoka ukumbini, na ili aone vizuri nikaurudisha 0 na kuugeuza tena. Haukugeuka. Haukugeuka siku hiyo wala wiki hiyo, na mwishowe ni mimi niliyetoboa, kwa gharama yangu, huku yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki ananitazama.

Kwa hiyo andaa kifaa cha kutolea kabla hujaanza kugeuza, kiwe tayari miguuni pako. Kifaa chenyewe ni waya mgumu wa milimita 2. Spoku ya baiskeli ndiyo kipimo hicho hasa. Kata kipande cha kiganja kimoja, ncha yake uinoe kwa tupa iwe na mteremko upande mmoja. Ya pikipiki ni nene, usiilazimishe. Na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, kwa heshima yake yote, haina spoku.

Ukitazama uso wa neimani utaona pete nyeusi ya chuma iliyoizunguka silinda, na usoni mwa silinda tundu dogo ambalo watu hulidhania ni kasoro. Ufunguo ukiwa kwenye 1, ingiza spoku kwenye tundu hilo, sukuma mpaka uhisi kitu kimelegea kwa ndani, na huku umeisukuma hivyo zungusha pete kinyume cha saa. Pete inafunguka kama kifuniko cha chupa. Kama haizunguki, geuza upande wa ule mteremko wa ncha ujaribu tena, maana kipini cha ndani hukubali upande mmoja kuliko mwingine. Pete ikitoka, shika ufunguo na kuvuta: silinda nzima inakuja mkononi, haina uzito wowote. Watu wengi hucheka hapo. Miezi sita ya ugomvi, na kitu chenyewe ni kidogo kuliko kidole gumba.

Silinda ikishatoka, itie kwenye mfuko pamoja na ufunguo wake, uandike juu. Huna haja ya kuitoa neimani nzima kwenye mhimili wa usukani ikiwa ulimi unarudi vizuri. Pete ikiwa imetoka, neimani haiishikilii dashibodi tena.

Na kama haugeuki kabisa? Umepata ufunguo mpya wa fundi, umeosha, umetetemesha kwa siku tatu za kweli, si robo saa mbili, na bado? Basi mwite shemeji. Lakini aje kwa masharti. Anatoboa silinda peke yake, kwa kufuata mdomo wa ufunguo, akianza na keekee ya milimita 3 na kupanda polepole. Apime urefu wa ufunguo, afunge utepe kwenye keekee kwa kipimo hicho, na asiupite. Visahani vyote viko ndani ya urefu huo, na nyuma yake kuna mambo ya ulimi na swichi usiyotaka kuyagusa. Pete asiitoboe, ni ngumu na itaiteleza keekee yake mpaka kwenye mbao. Unga wa shaba haunaswi na sumaku, kwa hiyo uvutwe kwa mashine ya kufyonza vumbi, usipulizwe ndani. Visahani vikishakatika, bisibisi bapa inaizungusha silinda mpaka 1, na kutoka hapo ni spoku na pete kama nilivyosema. Hesabu kuwa umeua silinda, utanunua nyingine.

Kisanduku cha dashibodi ni mlango mdogo wenye hasira. Lazima kifunguke, kwa sababu nati za kushikilia dashibodi upande wa abiria unazifikia kwa kupitia humo. Kosa ninaloliona sana ni watu kukipenyezea bisibisi juu ya kifuniko na kukipandisha kwa nguvu. Kitasa hakivunjiki. Kinachovunjika ni ukingo wa dashibodi, na plastiki ya umri huo inapasuka kama biskuti. Kwako sioni haja hata ya kufikiria hayo. Subiri ufunguo mkuu, wa mzee au wa fundi wa Birere. Ukiingia na kukwama kidogo, ni miaka kumi na kitu ya kukaa bila kuguswa: grafiti, mtetemo, subira. Na ukishafunguka acha kisanduku wazi, weka kitambaa kwenye kitasa kisijifunge tena mpaka kazi iishe.

Nikuambie na mawili ya nyuma ya dashibodi, kwa kuwa utayakuta kesho yake. Saa za mbele ya dereva zote ni kipande kimoja, hazina skrubu; zimekaa kwa kubanwa na mpira. Zisukume taratibu kutoka nyuma kwa mkono uliopita chini, usizichokonoe kwa mbele. Nyuma yake kuna kebo ya spidi na kuna mrija mwembamba wa mafuta ya injini, kwa sababu saa ya presha ya mafuta kwenye gari hilo ni ya mafuta yenyewe, haitumii umeme. Mrija huo ukikatika, siku utakayowasha injini itakutapikia mafuta ya moto kwenye kapeti mpya.

Cha pili ni mipira midogo iliyofungwa nyuma ya neimani. Injini yako ni ya mazuti, yaani dizeli, na ya mazuti haizimwi kwa kukata umeme wa plagi, haina plagi hizo. Ukigeuza ufunguo kuwa 0, kivalvu kilicho nyuma ya neimani kinapitisha mvuto wa hewa hadi kwenye pampu ya mazuti na kuifunga. Kila mpira ukiutoa, ufunge utepe na kuandika unakotoka. Ikipishana, au mmoja ukiwa umepasuka kwa uzee, utazima gari, utatoa ufunguo, utafunga mlango, na injini itaendelea kunguruma peke yake uani.

Kuhusu silinda mpya, ikihitajika: zipo za bei rahisi zinazokuja na ufunguo wake wa kigeni, nawe utabaki na ufunguo mmoja wa milango na mwingine wa kuwashia. Zinafanya kazi. Mimi napenda mteja abaki na ufunguo mmoja, na njia ipo, kwa sababu Mercedes hutengeneza silinda na funguo kwa kufuata namba ya chasi, ukionyesha hati kuwa gari ni lako. Namba yako imepigwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi, na ndani yake utaona 123.123, ambayo ndiyo alama ya 240D ya milango minne. Ilinganishe na karte roze kabla hujatuma kwa mtu yeyote. Kwa hiyo ukienda kwa mama kutafuta ufunguo, chukua na karatasi hiyo.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa: silinda iwe kwenye 1, isukume ikae sawa, pete izunguke na saa mpaka usikie imejifunga. Kabla dashibodi haijarudi, geuza ufunguo mara hamsini huku kila kitu kiko wazi. Uutoe kwenye 0, hakikisha ulimi unatoka na usukani unafunga. Ugeuze 1, hakikisha unaachia kabisa. Ulimi unaoachia nusu ni hatari kuliko unaokataa, maana unaweza kukufungia usukani ukiwa unashuka kuelekea ziwani.

Na siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, shemeji naye atakuwa na kazi. Fungua boneti. Kwenye injini kuna mkono mdogo umeandikwa STOP. Ukiusukuma, mazuti yanakatika na injini inazima, hata mipira iwe imewekwa ovyo. Msimamishe hapo, kidole juu ya mkono huo, na asiondoke mpaka umegeuza ufunguo kuwa 0 na injini imenyamaza yenyewe mara tatu.